Mama Mshauri Anajibu: Mtoto Anaposema Amechoka Kuishi

Shikamoo Mama Mshauri. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Muheza, mkoani Tanga. Binti yangu mkubwa ana miaka 16 na anasoma kidato cha tatu katika shule ya bweni. Tangu arudi likizo amebadilika. Chakula anakionja tu, mchana kutwa amelala, na usiku nasikia mlango wa chumba chake ukifunguliwa na kufungwa. Wiki iliyopita alimpa mdogo wake khanga mbili anazozipenda na ile redio ndogo aliyonunuliwa na mjomba wake, akasema, "Chukua tu, mimi sitazihitaji." Jana, nilipokuwa nikipanga madaftari yake, nikakuta nyuma ya daftari la hisabati ameandika: "Nimechoka, bora nisiwepo." Baba yake anasema ni mambo ya utoto, tusiyakuze. Shangazi yake anataka apelekwe kwa shehe akasomewe. Mimi naogopa kumuuliza nisije nikampa wazo ambalo hana. Hospitali nako naogopa wataniambia nimpeleke Lutindi, kwenye hospitali ya magonjwa ya akili, mtoto akaitwa kichaa maisha yake yote. Tena nimesikia kwamba anayetaka kujiua hukamatwa na polisi. Nifanye nini?
Mama wa Muheza

Mwandishi wa barua hii alijibiwa kwa simu siku ileile ilipotufikia. Jibu linachapishwa kwa ruhusa yake, na baadhi ya maelezo yamebadilishwa ili binti asitambulike.

Marahaba, mwanangu. Umeona vizuri, na usikubali mtu akuambie kwamba umeona vibaya. Mtoto wa miaka 16 anaweza kununa, kukosa hamu ya kula au kulia kwa ajili ya mapenzi, na mambo hayo yakapita. Lakini mtoto anapoacha kulala usiku, akaanza kugawa vitu anavyovipenda, kisha akaandika kwa mkono wake kwamba bora asiwepo, hayo matatu yakikutana hatuyaiti utoto. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya vijana 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja anaishi na tatizo la afya ya akili, kwa hiyo binti yako si kituko wala wewe si mama wa kwanza kuliona jambo hili likiingia nyumbani kwake.

Jambo la kwanza ni kumuuliza, na kumuuliza waziwazi. Hofu yako kwamba swali litampa wazo ni hofu ya karibu kila mzazi niliyewahi kukaa naye katika miaka yangu ya uuguzi, na ni hofu inayopoteza muda wa thamani. Swali halipandi wazo. Kama wazo halipo, mtoto atashangaa na kukuambia; kama lipo, atakuwa amepata mtu wa kwanza wa kulibeba pamoja naye, na mara nyingi utamwona akishusha pumzi. Usimwite mbele ya baba na shangazi kana kwamba ni baraza la familia. Tafuta wakati ambapo mikono yenu ina kazi na macho hayalazimiki kukutana. Nakumbuka mama mmoja aliyemuuliza binti yake huku akimsuka nywele, mtoto amekaa chini kwenye mkeka, kichwa kimeegemea goti la mama. Aliniambia kwamba alisuka mistari 4 bila kujibiwa, na kwenye mstari wa 5 mtoto akaanza kusema. Sema maneno mepesi: "Mwanangu, nimeona ulichoandika. Sikukasirikii. Je, umekuwa ukifikiria kujiua?" Litamke neno lenyewe, kwa sababu ukizungukazunguka utamfundisha kwamba hata wewe huwezi kulistahimili.

Akishaanza kusema, kazi yako ni kunyamaza na kusikiliza. Yale maneno yanayotutoka sote, kwamba "unakosa nini wakati ada tunalipa na chakula kipo", au kwamba kuwaza hivyo ni dhambi, au kwamba atamuua bibi yake kwa presha, yaweke kando, maana yote humwambia mtoto kwamba maumivu yake ni kosa jingine alilolitenda. Baada ya kusikiliza, uliza mambo mengine matatu kwa sauti hiyohiyo ya upole: kama amefikiria njia, kama ameshaandaa chochote, na kama ameshajiwekea siku. Akijibu ndiyo kwa mojawapo, hesabu kwamba una dharura mkononi na safari ya hospitali ni leo, hata kama ni usiku.

Usiku huo asilale peke yake. Godoro lako liwe chumbani kwake, au lake lije kwako, na mwambie sababu bila kuficha, kwamba unampenda na hutaki awe peke yake na mawazo hayo. Kisha wewe na baba yake mzunguke nyumba nzima. Umenieleza kwenye simu kwamba mna michungwa na kwamba dawa ya kupulizia hukaa chini ya kitanda cha stoo. Itoke nyumbani leo, iende kwa jirani mwenye stoo inayofungwa. Dawa za presha za bibi, vidonge vya maumivu vilivyobaki, dawa ya panya, vyote viingie kwenye sanduku lenye kufuli na ufunguo ukae shingoni mwa mtu mzima. Nalisisitiza hili kuliko jambo jingine lolote katika jibu hili, kwa kuwa tamaa ya kujiua huja kama wimbi. Hupanda kwa nguvu, hukaa kwa muda, kisha hushuka, na mtoto ambaye hakukuta kitu karibu wakati wimbi liko juu mara nyingi hufika kesho yake akiwa hai na tayari kusaidiwa. Na ikitokea mtoto amekwisha kumeza kitu, hapo hapana maziwa, hapana kumtapisha kwa vidole wala kwa maji ya chumvi. Ni kukimbilia kituo cha afya kilicho karibu kabisa, na kuchukua chupa au pakiti ya kitu chenyewe ili waganga wajue wanapambana na nini.

Sasa milango ya msaada. Ulio karibu kuliko yote umo kwenye simu yako. Namba 116 ni Huduma ya Simu kwa Mtoto, inafanya kazi Tanzania Bara na Zanzibar, na simu ni ya bure, kwa hiyo hata kama huna salio utapokelewa. Anayepokea ni mtu aliyefunzwa kusikiliza watoto na wazazi. Unaweza kupiga wewe, anaweza kupiga binti mwenyewe bila wewe kuwepo, na mkieleza hali yenu watawaunganisha na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu. Huyo afisa ustawi wengi humjua kwa kesi za matunzo ya watoto tu, lakini kumfuatilia mtoto aliye hatarini ni sehemu ya kazi yake. Kama katika kumuuliza utagundua kwamba kuna mtu aliyemdhuru, iwe shuleni au nyumbani, jambo ambalo lazima uwe tayari kulisikia, basi kuna Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi, na baadhi ya hospitali zina kituo cha mkono kwa mkono ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii hukutana na mtoto mahali pamoja ili asisimulie kisa chake mara tano.

Mlango wa pili ni hospitali, na hapa naomba nikuondolee picha uliyo nayo. Huendi Lutindi. Lutindi iko huko milimani Korogwe tangu enzi za Wajerumani na imewasaidia wengi, kama Mirembe ya Dodoma ilivyowasaidia wengi, na ni aibu yetu sisi tuliyoyageuza majina ya hospitali hizo kuwa matusi. Lakini mtoto mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, hatibiwi kwa kuanzia huko. Unaanzia hospitali ya wilaya, na kutoka hapo, ikibidi, unapewa rufaa ya kwenda hospitali ya mkoa, ambayo kwenu ni Bombo. Dirishani si lazima useme kila kitu mbele ya foleni, mwambie muuguzi, "Nina mtoto anayewaza kujiua, naomba tuonane na daktari faragha." Sentensi hiyo inatosha. Daktari atamsikiliza mtoto, na kuna wakati atakuomba utoke nje kidogo. Toka bila kinyongo, kwani yapo mambo ambayo mtoto humwambia mgeni ili amlinde mama yake yasimuumize. Atapimwa pia mambo ya mwili, kwa sababu upungufu wa damu au tezi ya shingo inaweza kumnyong'onyesha mtu hadi akafanana na mwenye sonona. Tiba ya kijana kwa kawaida huanzia kwenye mazungumzo, yaani unasihi wa kukutana mara kwa mara na mtaalamu, na dawa huongezwa pale daktari anapoona hali ni nzito. Zikiandikwa, ujue huchukua wiki kadhaa kabla ya nafuu kuonekana, ujue kwamba katika wiki hizo za mwanzo mtoto anahitaji jicho la karibu zaidi, na usizisimamishe kwa ghafla eti ameanza kucheka. Kuhusu gharama, ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ndipo mahali pa kuulizia msamaha wa matibabu, na ulizia mapema kabla deni halijakua.

Kuhusu polisi, sitakudanganya. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara, katika kifungu cha 217, inalitaja jaribio la kujiua kuwa kosa, na hofu ya kifungu hicho imewafanya wazazi wengi wafiche watoto waliohitaji kulazwa. Kwa upande wa Kenya, Mahakama Kuu ilitamka mwezi Januari 2025 kwamba kifungu cha aina hiyo katika sheria yao kinakwenda kinyume na Katiba, na mimi natamani kwa moyo wote siku hiyo ifike na kwetu, maana mtu aliyetaka kufa anahitaji kitanda cha hospitali na hana haja ya benchi la mahabusu. Lakini lielewe vizuri jambo lenyewe: kuwaza si kosa, kuandika kwenye daftari si kosa, na kumpeleka mtoto kwa daktari kabla hajajidhuru si kosa mbele ya sheria yoyote. Hofu ya polisi ni sababu ya kuwahi hospitali.

Shangazi na shehe usigombane nao. Dua ni faraja, na mtoto aliyelelewa katika imani huenda akahitaji kusikia kutoka kwa mtu wa dini kwamba Mungu hajamtupa. Mwombe shehe aje nyumbani, na umwambie kwamba mmekwenda au mnakwenda hospitali. Shehe mwenye hekima atakuhimiza uwahi. Kitakachokuwa na madhara ni kumwacha mtoto huko siku kadhaa kwa watu wasiomfahamu, kumfungisha kwa nguvu, au kumpiga kwa madai ya kumtoa pepo. Kuhusu mumeo, usimshinde kwa maneno. Mpe daftari alisome mwenyewe, akiwa peke yake.

Shule iachwe kwanza. Asirudi bwenini mpaka daktari aseme anaweza, na siku hiyo ikifika nenda naye ukaonane na mwalimu wa malezi na matron, mkubaliane nani atakuwa mtu wake wa kukimbilia usiku, na kama anatumia dawa nani atazitunza. Kidato cha tatu kinaweza kurudiwa.

*

Mama Mshauri, mimi ni msichana wa miaka 15, niko Kilifi, Kenya. Rafiki yangu wa darasani ameniambia kwamba ameamua kujiua kwa sababu ya mambo yanayotokea nyumbani kwao. Kabla ya kuniambia aliniapisha kwa jina la Mungu nisimwambie mtu. Silali. Nikisema, nitakuwa nimevunja kiapo na nimempoteza rafiki. Nikinyamaza naogopa.
Rafiki wa Kweli, Kilifi

Binti yangu, umebebeshwa mzigo ambao hata mtu mzima hatakiwi kuubeba peke yake. Kiapo cha kuficha kifo cha mtu hakikufungi. Rafiki yako alikuapisha kwa sababu anaogopa, na alikuambia kwa sababu kuna sehemu yake inayotaka aokolewe. Angetaka kweli asijulikane na mtu, asingekuambia.

Leo, kabla ya kesho, mwambie mtu mzima mmoja ambaye unajua hatacheka wala hatatangaza: mamako, mwalimu wa ushauri nasaha, au shangazi. Kwa kuwa umesema mambo yenyewe yanatokea nyumbani kwao, usiende kwanza kwa wazazi wake, kwani huenda ukamwambia yuleyule anayemuumiza. Hapo Kenya nambari 116 ya Childline Kenya ni ya bure na hupokelewa usiku na mchana. Piga, sema kwamba unapiga kwa ajili ya rafiki, nao watakuongoza hatua kwa hatua na wanaweza kuihusisha ofisi ya watoto ya serikali. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya nalo lina nambari ya bure, 1199, ya watu waliolemewa na mawazo. Kama rafiki yako yuko nawe sasa hivi na ameshika kitu cha kujidhuru, usijaribu kumnyang'anya peke yako. Piga kelele, ita mtu mzima aliye karibu, na ukae naye pale anapokuona mpaka msaada ufike.

Mwambie mwenyewe kwamba utasema. "Nimeshindwa kunyamaza kwa sababu nataka uendelee kuwepo." Atakasirika, na pengine hatakusemesha kwa wiki kadhaa, na itakuuma. Hata hivyo rafiki aliyekukasirikia yuko hai, na mnaweza kupatana. Wewe pia zungumza na mwalimu huyohuyo wa ushauri kuhusu hizo usiku usizolala. Na jambo hili ulishike: hata ukifanya yote niliyokuandikia, uamuzi wa mwenzio haukuwa mikononi mwako.

*

Mama Mshauri, mke wangu alifariki miezi minne iliyopita. Mtoto wetu ana miaka 8. Siku ya msiba ndugu walimpeleka kwa majirani, na tukamwambia kwamba mama amesafiri. Sasa ameanza kukojoa kitandani, hachezi na wenzake, na kila jioni anakaa kibarazani akiangalia njia. Mwalimu wake anasema darasani haongei. Je, nimpeleke kwa daktari wa akili?
Baba, Mwanza

Pole sana, baba, kwa msiba, na pole kwa jioni hizo.

Mtoto wako anamsubiri mtu aliyesafiri. Anakaa kibarazani kwa sababu mlimwambia safari, na msafiri hurudi. Tena miezi minne bila hata simu, kwa hesabu ya mtoto wa miaka 8, ina maana moja tu, kwamba mama amemwacha, na pengine ni kwa kosa alilolifanya yeye. Najua mlisema hivyo kwa huruma, na karibu kila ukoo tunaoujua umewahi kusema hivyo, lakini huruma ile inamtesa.

Kwa hiyo kabla ya daktari, mwambie ukweli, na uwe wewe, asiwe shangazi wala mwalimu. Tumia neno lenyewe: mama aliugua, madaktari walijitahidi, mama amekufa, mwili wake haufanyi kazi tena na hawezi kurudi. Maneno kama "amelala" yaepuke, kwani yapo yaliyowafanya watoto waogope usingizi. Mwambie kwamba hakuna alichofanya, alichosema wala alichowaza kilichomuua mama. Mwombe msamaha kwa kumwambia amesafiri. Atauliza swali lilelile kesho na keshokutwa. Lijibu kila mara kana kwamba ni mara ya kwanza. Akilia, usimwambie mwanaume halii, na wewe machozi yakikutoka usiyakimbilie chumbani. Mpeleke kaburini akiwa tayari, aweke ua au jiwe kwa mkono wake, kwa sababu msiba ule wote mliuzika ninyi na yeye hakuzika.

Kukojoa kitandani kwa mtoto aliyekwisha kuacha ni namna mwili wake unavyosema hofu, kwa hiyo asichapwe, asianikiwe godoro mbele ya wenzake, wala asitishiwe kwa jina la mama. Hata hivyo mpitishe kituo cha afya wapime mkojo na sukari, maana wakati mwingine ni ugonjwa wa mwili. Mwalimu naye aambiwe kilichotokea. Mwombe amkalishe karibu na rafiki na asimlazimishe kujibu mbele ya darasa.

Ukishamwambia ukweli, mpe wiki kadhaa huku ukiwa karibu. Ikiwa bado haongei, hataki kula, au ikiwa hata mara moja amesema anataka kumfuata mama, hapo usingoje. Hospitali ya rufaa ya Bugando iko mjini kwenu na ina idara ya magonjwa ya akili, na ile namba 116 niliyomwandikia mama wa Muheza inakupokea na wewe kama mzazi. Kumpeleka mtoto wa miaka 8 huko hakumfanyi mgonjwa wa akili. Wataalamu wa watoto huwa na karatasi na rangi mezani, na mtoto asiyeongea mara nyingi huanza kwa kuchora.

Na jioni, mpaka atakapoacha mwenyewe, usimwondoe kibarazani. Ukirudi kazini vuta kigoda, ukae naye.